Justus Tinga na Alama Aliyoirudia

Marehemu Justus Tinga Ruwa alizaliwa tarehe 9 Machi 1953 huko Rabai, mwana wa tatu wa Mzee Ruwa Kai na Mama Kafedha. Alisoma Rabai, akamaliza kidato cha nne Mombasa mwaka 1972, enzi ambazo mtu akikosea alisimama akasema nimekosea.

Mwaka 1974 aliajiriwa serikalini kuchunguza alama za vidole. Hakutaka kujua mshukiwa ni nani. Jina alilifunika kwa kipande cha boksi, akaitazama alama kwa lenzi, akaiweka kando, na kesho yake akaanza upya kana kwamba hajaiona. Askari mmoja alimwambia, "Mzee Tinga, huyu twamjua. Wewe tia sahihi tu."

"Kama mwamjua, kidole chake mwaniletea cha nini?"

Tarehe 2 Desemba 1979 alifunga ndoa na Milcah Mbeyu kanisani Changamwe, wakajenga Magogoni. Milcah husema hata muhogo sokoni aliugeuza mpaka muuzaji akanuna.

Mwaka 1996, kazi zikiwa zimerundikana, askari alimtajia jina mlangoni: Abdulghani, kuli wa bandarini Kipevu. Siku hiyo marehemu hakufunika jina wala hakungoja kesho. Akaona alichoambiwa, akatia sahihi, na Abdulghani akafungwa. Miezi kumi na minne baadaye, akipitia kazi zake za zamani kama ilivyokuwa desturi yake, aliona kwenye alama ya Abdulghani mistari miwili isiyolingana. Mkubwa wake alimsihi anyamaze.

"Wataka watu wasituamini tena?"

"Sasa hivi watuamini kwa uongo, bwana."

Akaenda kortini mwenyewe. Abdulghani akaachiliwa, marehemu akahamishiwa ghala la karatasi mpaka alipostaafu mwaka 2008. Siku hizi mashine hutoa jibu kabla chai haijapoa, na arudiaye kuitazama alama hayupo.

Mwaka jana figo zilianza kumshinda. Kila hodi ilipobishwa aliuliza, "Ni Abdulghani?" Tarehe 30 Mei mwaka huu akawa ndiye.

"Mamangu alizikwa nami niko ndani, Tinga."

"Najua."

"Kusamehe, sijui kama nimesamehe. Nimekuja kukuona."

Akaketi mpaka alasiri, akimshikia kikombe cha uji.

Marehemu alifariki nyumbani tarehe 18 Juni 2025. Ameacha mjane wake Milcah, watoto Kai na Dorothy, na wajukuu watano. Abdulghani naye ameomba jina lake lisomwe miongoni mwa jamaa, na limesomwa.

Mungu ampe Tinga pumziko alilolingoja.