Ezekieli Wekesa Khaemba, Kinyozi wa Ncha ya Pembe na Ncha ya Duara

Leo, Jumamosi tarehe 25 Mei 2013, tumekusanyika hapa Lodwar kumzika mtu aliyetushika vichwa karibu wote. Kama kuna mwanamume hapa ambaye Ezekieli Wekesa Khaemba hakuwahi kumwambia "tulia, usicheke," basi huyo ni mgeni. Wasifu huu unasomwa na shemeji yake, Wainaina, kwa ombi la mjane, Mugure, ambaye ni dada yake Wainaina. Mugure ameomba usomwe wote, bila kuruka hata pale panapouma.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Agosti 1961 huko Kimilili, Bungoma, mtoto wa tatu wa Mzee Khaemba na Mama Nasimiyu, ambao wote wametangulia mbele ya haki. Alikulia kwenye mvua na matope, na mpaka mwisho hakulizoea jua la Turkana. Alilitukana kila asubuhi kama jirani mbaya, kisha akafungua kazi.

Alisoma katika shule ya misheni karibu na kwao hadi darasa la saba, mwaka 1976. Mwalimu wake alimchapa mara nyingi kwa sababu alipewa kazi ya kuandika, yeye akashinda anachonga penseli za darasa zima kwa wembe. Karo ilipokosekana, masomo yaliishia hapo. Jambo hilo lilimuuma, ingawa hakupenda kulizungumza.

Mwaka 1984 alifika Lodwar na kundi la vibarua wa barabara. Kinyozi wa kambi yao, Omollo, alimwona anavyoshika kisu akasema, "Wewe, acha koleo, njoo huku." Omollo ndiye aliyemfundisha wembe wa kukunja, na somo la kwanza halikuwa makali. Lilikuwa ncha. Ncha ya duara haina kona, kwa hiyo hata mkono ukiteleza inapita juu ya ngozi na kwenda zake. Hiyo ni ya wazee wenye makunyanzi, ya watoto wachanga, na ya wafiwa. Ncha ya pembe imekatwa sawa kama kona ya meza. Ndiyo inayochora laini kwenye paji la uso, ndiyo inayoingia nyuma ya sikio, lakini ukikosea kidogo tu, mteja anaondoka na alama yako. Siku moja mchuuzi alimletea wembe wenye ncha ya mshazari. Marehemu aliugeuza huku na huku, akamrudishia. "Huu haujui unataka nini," alisema.

Mwaka 1998 alihamia Kakuma, akafungua kibanda chake kando ya njia ya kambi ya wakimbizi. Vijana wa kambini walipenda laini kali kwenye paji, na hakuna aliyeichora kama yeye, hata mashine za umeme zilipoingia. Waturkana na Wadinka walipofiwa wakaja kunyolewa vichwa, alizima redio, akachukua duara, na hakuna aliyethubutu kupiga soga humo ndani. Siku nyingine zote ilikuwa pembe, pembe, pembe. "Duara nitaishika nikizeeka," alisema, na alijisifu mno kwa hilo. Hatutasema uongo mbele ya jeneza, mtu huyu alikuwa na majivuno ya mkono wake.

Mugure, marehemu alimpata kwa kumnyoa kaka yake vizuri. Kaka huyo ndiye anayesoma, na mpaka leo anasema alidanganywa, kwa maana aliingia kunyolewa akatoka na shemeji. Mugure alikuwa akiuza mitumba hapa Lodwar. Walifunga ndoa kanisani tarehe 16 Desemba 1989, na Mungu akawajalia Natasha na Nyongesa. Waliishi vizuri. Ugomvi wao ulikuwa mmoja tu, ule wembe wa pembe. Mugure aliuogopa. Aliogopa siku mteja atakapogeuza shingo ghafla. Kila jioni katika sala ya nyumbani alimalizia, "Na Bwana, mwondolee baba Natasha wembe ule." Naye marehemu, kabla hata ya amina, "Mama Natasha, sala hiyo inataka tulale njaa."

Jumamosi ya tarehe 22 Septemba 2012, kijana wetu Bior kutoka kambini alikuja kunyolewa asubuhi ya harusi yake. Wengi mliokuwapo mnakumbuka bwana harusi aliyesimama madhabahuni na pamba kwenye paji la uso. Ni pembe iliyomkata. Marehemu aliruka juu, "Si nilikuambia usicheke!" Bior hakuwa amecheka. Yuko hapa leo, na amesema mwenyewe kwamba alikuwa ametulia kabisa. Lakini alimwona mzee amebadilika rangi, akamhurumia, akamwambia, "Fundi, hakuna shida. Damu kidogo tu. Harusi iko palepale."

Baada ya siku hiyo pembe ilikunjwa, ikawekwa ndani ya sanduku. Marehemu akaanza kunyoa kila mtu kwa duara. Vijana walinung'unika, wengine wakahama. Mzee Emuron, rafiki yake wa miaka mingi, alimchungulia dirishani, akamsalimu kwa Kiturkana na kumtania, "Ejok, fundi! Leo wembe ya wazee iko kwa kichwa ya kijana? Ama umeokoka?" Marehemu alicheka, akasema amechoka na damu. Sote tuliamini. Mbona tusiamini? Mtu wa miaka hamsini na kitu akitulia, watu husema amekomaa.

Mugure ndiye aliyefurahi kuliko wote. Miaka yote ile ya kuomba, na sasa imejibiwa! Alikaanga chapati, akaita majirani. Jumapili ya tarehe 14 Oktoba alisimama kanisani, akashuhudia kwa machozi kwamba Bwana amemlainisha mume wake. Watu wakapiga vigelegele. Marehemu alikuwa ameketi benchi la nyuma, mkono wa kulia ameufumbata chini ya koti. Koti, Kakuma, saa sita mchana! Nasi tukaona ni adabu ya kanisani.

Kumbe mkono ulikuwa unatetemeka. Mwezi wa Januari 2013 kichwa kilianza kumuuma, naye akakiita malaria, akameza dawa za malaria. Tarehe 5 Februari alianguka kibandani. Alilazwa Lodwar, kisha akapelekwa Eldoret kupigwa picha ya kichwa, na huko ndiko walikouona uvimbe ndani ya ubongo. Daktari aliuliza mkono ulianza lini kutetemeka. Familia ikatazamana. Marehemu akajibu mwenyewe, polepole, "Kabla ya harusi ya Bior." Daktari alisema kama angeonekana mapema huenda ingekuwa nafuu. Hakuapa, alisema huenda. Neno hilo Mugure amekuwa nalo tangu siku ile, analala nalo, anaamka nalo.

Alirudishwa Lodwar, akauguzwa kwa upendo na mkewe na wanawe. Alifariki Alhamisi tarehe 16 Mei 2013 asubuhi. Ndugu zake wa Kimilili walitaka kumzika nyumbani, na tunawashukuru kwa kukubali azikwe hapa kama alivyoomba.

Amewaacha watoto wake Natasha na Nyongesa, mjukuu mmoja, na ndugu wawili. Amemwacha rafiki yake Emuron, ambaye tangu msiba huu hajatania mtu. Na amemwacha mkewe, Mugure, ambaye ndiye aliyetaka haya yajulikane, kwa sababu kuna wanaonong'ona kwamba marehemu amelogwa na vinyozi wenzake. Hakulogwa. Jumapili ya mwisho ya uhai wake Mugure alimwuliza, "Baba Natasha, sema kweli. Wembe ule uliuacha kwa ajili yangu, ama ni mkono?"

"Ni mkono."

"Sasa mbona ulinificha?"

"Ulisimama kanisani ukalia kwa furaha," alisema. "Miaka ishirini na zaidi sijawahi kukufurahisha hivyo. Ningekuambia nini? Nilitamani niwe yule mtu uliyekuwa unamshukuru Mungu kwa ajili yake."

Mugure hawezi kuyasema haya kwa mdomo wake leo. Amesema mwambiwe hivi, nyinyi wake na waume mlio hapa: mtu wako akibadilika ghafla, hata akibadilika kuwa mwema, usikimbilie kushangilia. Keti naye kwanza, umwulize anaumwa wapi.

Ezekieli, baba Natasha, fundi wetu, Mungu akupokee, upumzike katika amani yake.