Ufunguo Mkobani

Kwenye basi la kutoka mpakani, kiti cha mbele yangu, dada anayejitolea hospitalini ugenini alikuwa akimsimulia mama asiyemjua kuhusu likizo yake nchi jirani.

"Mzee ninayemfundisha kutembea, mguu wake wa bandia niliufungia kwenye kabati la chuma, asije akaanguka nikiwa sipo. Siku ya pili ya likizo natafuta kitana, nakuta ufunguo wa kabati mkobani."

"Ukarudi?"

"Bahari ilikuwa nzuri, mama. Nikakaa wiki nzima."

Mama akasonya. Na mimi nikasonya kimoyomoyo, ingawa ningekaa vilevile.

"Nilimpigia simu kumwomba radhi. Akacheka: 'Pumzika, mwanangu. Mimi siendi popote.'"

Basi likasimama mbele ya hospitali yake. Dada hakuinuka.