Deni la Ng'ambo na Chumba cha Siri

Ndugu zangu wa chama, nishikieni fimbo hii nisimame. Majina ya watu wote wa habari hii ninayo kichwani, ila leo siyataji.

Uhuru wa Uganda yetu tulikuwa tumeupata juzi tu. Mume wangu akafa, na wageni wa matanga lazima wale. Nikavuka mpaka, sukari na mchele nikakopa dukani kwa mama mmoja, Busia upande wa Kenya. Baadaye nikawa namkwepa. Siku ya soko napitia kwa migomba.

Nikasikia ofisi ya serikali kule Tororo inatafuta mfagiaji wa chumba cha barua za siri. Mshahara kila mwezi, na mimi nina watoto wanne wa karo! Nikaenda. Bwana mkubwa akaniuliza, "Mama, una deni?"

"Hata la chumvi sina."

Ndugu zangu, nawaambia, sikuona ni uongo. Sisi wa mpakani tulijua deni la Kenya ni la Kenya. Serikali ya Uganda itauliza nini huko? Kumbe yule bwana alivuka mwenyewe, akiniulizia duka kwa duka.

Akaniita. "Deni unalo. Na chumba kile kina siri."

"Bwana, kusoma sijui. Hizo siri nitaziuzaje?"

"Kusoma hujui, kubeba unajua. Mtu anayeficha deni, mwenye pesa atamnunua. Nenda."

Nililia njia nzima. Kesho yake nikavuka, nikapiga magoti dukani. Yule mama akacheka. "Kumbe uko hai! Nilikuwa najiandaa kuja kukulilia." Nikamweleza yote. Akasema nilete mtama, nusu debe kila siku ya soko. Nikaleta. Mvua inanyesha, naleta.

Sasa sikieni moyo wa mtu. Kabla sijamaliza, alifunga duka siku ya soko, siku ya soko jamani, akapanda basi nami hadi Tororo. Akamwambia bwana mkubwa, "Huyu alinikimbia, kweli. Lakini amerudi mwenyewe. Amebakiza madebe mawili, na mimi nalala usingizi."

Yule bwana akasema, "Deni lenyewe halikunitisha. Kuficha ndiko kulinitisha." Akaniandika kazi. Watoto wote wanne walisoma.

Mama yule ametangulia, Mungu amweke pema. Wanawe mko hapa, asanteni kwa mama yenu. Na wewe uliyekopa ukanyamaza, ukiulizwa, sema. Aibu haiui. Mimi si huyu, mnaniona?