Kifo Kingine cha Orrin Pickett

Ilikuwa Jumanne, tarehe 12 Mei 1953, saa nne na robo asubuhi, Verna Pickett, binti wa mwigizaji mzee Orrin, alipofika kwenye benchi la nje ya duka la dawa, kona ya Mtaa wa Gower, Hollywood, amefura hasira. Benchi hilo ni la waigizaji wazee ambao nchi nzima inazijua sura zao na hakuna anayejua majina yao. Hakimu, aliyezoea kuigiza mahakimu, alikuwa anapuliza kahawa yake. Shangazi, bingwa wa mashangazi wakali, alimsogezea Verna nafasi.

— Wamembadilishia baba sehemu yake! Alikuwa daktari, anabaki hai mpaka mwisho wa filamu. Sasa anaporomoka ngazini mwanzoni kabisa, anakufa. Na picha yenyewe inapigwa kesho!

— Na nyonga ile mbovu? Shangazi aling'aka. Hawana haya hao!

— Wameshampiga risasi, wamemnyonga, wamemzamisha, Hakimu akasema. Hata treni imeshampitia. Si wamwache mzee wa watu apumue?

— Ni yule nyota wao, Shangazi akasema. Anaogopa Orrin atamfunika.

— Nyota gani, wewe! Ni hizi televisheni. Kioo kidogo, watu hawaenei, lazima wengine wafe mapema.

— Hakimu, acha uzushi.

— Uzushi? Hii amri imetoka Washington! Wazee wote tunamalizwa, tena ngazini, ionekane ajali.

— Mbona mimi niko hai?

— Wewe ngazi zenyewe zinakuogopa.

Verna hakucheka. Sarafu ya simu ilikuwa imelowa jasho kiganjani.

— Nawapigia studio sasa hivi. Baba hafanyi!

— Piga, mwanangu! Shangazi akasema. Waambie na mimi nimekasirika.

Mwisho wa benchi alikaa bwana mmoja mwenye sanduku, ndiyo kwanza ameshuka basi kutoka Nebraska.

— Samahani, dada. Mzee mwenyewe anasemaje?

Hakimu akarudi kwenye kahawa yake. Verna akakumbuka jana usiku: baba alikuwa anamsomea mabadiliko, yeye Verna akaanza kufoka kabla ukurasa haujaisha.

Simu hakupiga.

Asubuhi iliyofuata alimkuta baba amesimama kwenye kidato cha tatu cha ngazi yao, mkono kifuani.

— Safari hii kamera inabaki usoni kwangu mpaka nikate roho, mama. Miaka yote nakufa nimeipa mgongo.

Verna alitaka kugomba, akaacha. Akaburuta godoro la kitanda chake mpaka chini ya ngazi, akalibonyeza kwa goti pale lilipokuwa jembamba, akaongeza mto.

— Haya, baba. Anguka nikuone.