Koti la Bwana Mkurugenzi

Mheshimiwa Meya wa mji wetu wa Pontfelin, nawe Bwana Emlyn Pugh, mkurugenzi wa nyumba yetu ya kuwatunza wagonjwa wasiotarajiwa kupona, Mchungaji Eluned, ndugu mnaojitolea, ndugu wateja mliokuja mkidhani leo kuna punguzo la bei, na wewe Bi Dilys Beynon, mwenye shughuli: nawasalimu nyote.

Bi Dilys anastaafu kazi ya duka hili, linalouza nguo na vyombo vya sadaka ili kuichangia nyumba ile ya wagonjwa, kazi ambayo hakulipwa hata senti. Wapo wasemao kwamba anayejitolea ni mtu mwenye muda wa kupoteza. Nani kati yenu amewahi kumwona Bi Dilys akipoteza muda? Huyu ndiye aliyepokea mikononi mwenu mifuko ya nguo za marehemu wenu, akazipiga pasi ya mvuke nyuma ya pazia, na blauzi ya mama yako akaipeleka duka letu la mji wa pili, usije ukakutana nayo kwenye foleni ya posta. Na ni huyu huyu aliyemwambia mke wa daktari, mbele ya watu, kwamba sahani zilizovunjika si sadaka, ni takataka, na takataka zina siku yake ya kuzolewa.

Mimi Glyn Rosser, msimamizi wa duka hili, sikuingia humu kujitolea. Niliingia kwa sababu ya mvua. Kiwanda nilichofanyia kazi kilikuwa kimefungwa, mwaka umepita sina kazi, na siku ile niliitwa kwenye usaili Cardiff, nami nimevaa jezi ya raga yenye tundu kiwikoni. Nilikuwa nimeapa kwamba nikikosa na hiyo, siombi tena popote. Nikamwambia Bi Dilys natafuta koti, lolote lile. Akanitazama juu mpaka chini, akaingia chumba cha nyuma, akatoka na koti jeusi la sufu, zito, la kiungwana. Nikamwambia hilo siliwezi.

"Nani kakuuliza unaweza nini?" akasema. "Toa ulichonacho, uvae. Basi halikungoji."

Koti lile, kama mji mzima ujuavyo, lilikuwa la Bwana Pugh. Alikuja kukagua duka, akalitundika kule nyuma, na alipotaka kuondoka akakuta henga tupu. Akanifuata mbio mpaka kituo cha basi, shati limemganda mwilini, na Bi Dilys nyuma yake na mwavuli. Mguu wangu mmoja ulikuwa tayari ndani ya basi. Nikaanza kulivua, aibu imenijaa.

"Usilivue," akasema Bi Dilys. "Bwana Pugh, mwenzio anakwenda kutafuta kazi. Ukilitaka, mvue wewe, mbele ya abiria hawa."

Bwana Pugh akaniangalia. Kisha akasogea, akanifunga kifungo cha juu, akaniambia niende. Sijawahi kumshukuru hadharani, leo namshukuru.

Kazi niliikosa. Lakini usiku ule sikulala na kiapo changu, nililala na koti la mtu la kurudisha. Baada ya mwaka mzima, palikuwa na mahali ninapongojwa asubuhi. Bi Dilys alilipokea, hakuniuliza usaili ulikwendaje, akanitia pasi ya mvuke mkononi na kusema nianze na mashati. Nikaanza na mashati. Mengine mnayajua.

Miaka yote hii tumemtania kwamba aliuza koti la bosi kwa bahati mbaya, naye anacheka tu. Juzi, akinikabidhi funguo, nikamwuliza: mtu anayejua kila kifungo kilichomo dukani humu, alikosea vipi siku ile? Hata haya hakuona.

"Sikukosea," akasema. "Wewe ulikuwa umelowa, na yeye alikuja na gari."

Bwana Pugh, pole. Nimeona nawe usikie leo, ungali umekaa.

Bi Dilys, nimetafuta neno kubwa kuliko asante, sikulipata. Nakupenda, na mji huu unakupenda.

Ndugu zangu, chai iko tayari, na vikeki vya zabibu. Nje mvua inanyesha, na makoti yenu yametundikwa chumba cha nyuma. Asanteni kwa kunisikiliza, na wakati wa kutoka kila mtu achukue lake. Ila ukimwona aliyekuja bila koti, Bi Dilys ameshakuonyesha la kufanya.