Wimbo Niliomtungia Mama

Bwana Yesu apewe sifa, kanisa! Tena apewe! Naitwa Rodah Nafula, kwetu ni Ndalu, na leo nimekuja kusema jambo nililolinyamazia muda mrefu.

Ndugu zangu, mimi hutunga nyimbo. Mama yangu alipopata kiharusi akawa mtu wa kulala tu, nilimtungia wimbo nikimgeuza pale kitandani. Kwaya yetu ikaupenda. Ndipo nikaambiwa kuna mwimbaji mkubwa ana studio huko Kibomet, Kitale, anainua waimbaji wachanga. Jina lake sitalitaja. Limetajwa vya kutosha!

Nikaenda, nikaimba, yeye akinirekodi. Akaniuliza, "Mama, huu wimbo ni wa nani?" Na mimi, vile sisi wote tumefundishwa kanisani tusijiinue, nikajibu, "Si wangu, ni wa Bwana." Kumbe bado ananirekodi!

Haikupita muda, nasikia wimbo kwa redio. Sauti yake, jina lake peke yake. Nikampigia simu, naye akanichezea ile rekodi ya maneno yangu, kisha akasema: "Si ulisema mwenyewe si wako?" Yaani! Kama ni wa Bwana, mbona hakuandika jina la Bwana? Nikaenda kwa wazee wa kanisa. Wakaniambia, "Samehe, dada. Si injili inaenea?" Inaenea, ndiyo. Na jina lake linaenea nayo! Hata kwaya yetu, watu niliowafundisha wimbo mimi mwenyewe, wakaanza kunirekebisha, ati kwa redio hauendi hivyo. Ndugu zangu, nilichoka!

Nikafungwa rohoni. Nikitaka kuimba, hasira inakaa hapa kooni, sauti haitoki. Mama naye akisikia redio ananitazama. "Nafula, si huu ni ule wangu? Sema basi." Namwambia, "Wacha tu, mama."

Mama akalala katika Bwana. Siku ya mazishi, mwenye kuongoza ibada akashika maikrofoni akasema, "Sasa kwaya ituimbie ule wimbo wa..." akataja jina la yule mtu. Mbele ya jeneza la mama yangu! Nikasema moyoni, Bwana, hata hapa?

Nikasimama. Sijui nani alinisimamisha kama si Mungu. Nikachukua maikrofoni, nikasema, "Huu wimbo nimeutunga mimi, Rodah Nafula, na nilimtungia huyu mama mnayemzika." Nikaanza kuimba, na kanisa, sauti ilitoka! Kile kitu cha kooni kiliachilia! Niliimba nikilia hadi mwisho, na kwaya ikaniitikia vile niliwafundisha. Mama yangu alizikwa na wimbo wake. Asante, Yesu!

Jina la yule mtu bado liko huko mtandaoni, siwadanganyi. Na bado linaniudhi, hata leo asubuhi limeniudhi. Lakini mimi si mfungwa tena, na ninaimba kila Jumapili.

Mtumainini Bwana, ndugu zangu. Anajua wimbo alimpa nani. Lakini mdomo amekupa wewe, hatakusemea huko studio. Kama kuna mtu hapa ana wimbo, njoo mbele sasa hivi, usiogope. Kwanza tuambie jina lako. Liseme kwa nguvu, hata wale wamekaa nje wasikie. Halafu uimbe.