Mwalimu Sévère na Muziki wa Mujusi

Wasikilizaji wapendwa, habari za mchana huu. Ni mimi, Libérat wenu. Leo sauti yangu haiko sawa, munaisikia wenyewe, na sitajifanya mzima. Sévère Kwizera amekufa. Mwalimu Sévère, yule wa kwaya ya Kalundu. Kabla ya kuingia humu studio nilisimama pale nje nikawa ninalirudia neno hilo, amekufa, amekufa, ili kinywa kizoee. Hakijazoea.

Amekufa Jumanne asubuhi, bandarini Kalundu. Alikuwa na mfuko wa unga begani, anatoka kwenye boti anaelekea depo. Risasi zikalia upande wa mlimani. Watu wakalala chini, kama tunavyolala siku zote. Risasi zikanyamaza, watu wakainuka, wakajikung'uta vumbi. Sévère hakuinuka. Ndiyo hivyo, hakuna zaidi. Mtu aliyeikimbia vita ya kwanza kwa miguu toka Luvungi, akaipita vita ya pili huku malaria inamtikisa, anakufa na mfuko wa unga wa mtu mwingine, jua linawaka, watoto wanaenda shule! Mimi sielewi. Nani ataniambia nielewe?

Pengine jina lake hamulijui. Lakini wimbo wake munaujua, wallahi munaujua. Ni ule wimbo wa maziko. Unaanza chini kabisa, besi peke yao. Kisha sauti za wamama zinapanda, zinapanda, mpaka unaogopa bati la kanisa litang'oka. Halafu katikati, kimya. Kwaya yote inafunga kinywa. Na katika kimya kile ndipo sisi watu wa Uvira tunatupa udongo kaburini. Kisha besi zinarudi. Toka Kalundu mpaka Luvungi, mpaka kule juu Rurambo kwa wafugaji, ndivyo tunavyozika tangu vita hivi vitushike. Hata jirani zetu Waislamu wanaokuja kutusindikiza wanakijua kimya kile. Wanasimama, wanangoja.

Wengi wenu wa nje ya Kalundu munasema wimbo ule umetoka Roma. Wengine munasema uliletwa na wamisionari wa zamani. Wasikilizaji wapendwa, kama umesimama, kaa. Wimbo ule umetoka kwa mujusi.

Ngoja nieleze polepole.

Mwanzoni mwa vita ya pili, Mzee Ayoubu Amisi, mfanyabiashara wa Kalundu, alikuwa na ukumbi wa video. Bati juu, mabenchi, televizio moja, na jenereta yenye kikohozi. Mimi nilikuwa mtafsiri wake. Vijana wa leo hamuijui kazi hiyo. Filamu inaongea Kiingereza. Mtafsiri anasimama kando ya televizio na mikro mkononi, anawaambia watu nini kinasemwa. Kiingereza nilikuwa sikijui hata mimi, kwa hiyo nilitunga. Nilitunga vizuri! Watu hawakuja kuona filamu tu. Walikuja kumsikia Libérat.

Siku moja Mzee Ayoubu akarudi toka Bujumbura na kasete mpya. Moja alipewa ya bure. Muuzaji alimwambia, "Chukua na hii, Mzee, huku hakuna muntu anaitaka." Tukaiweka. Mungu wangu! Kulikuwa na malkia, mapanga, uchawi, na joka lenye mabawa. Joka gani lile? Bawa moja lilikuwa limekwama. Kamba ya kulivuta ilionekana wazi. Lilipofungua kinywa ili liteme moto, ulitoka moshi mdogo kama wa muhindi uliosahauliwa jikoni. Watu walicheka mpaka wakaanguka toka kwenye mabenchi. Wakarusha maganda ya karanga kwenye kioo. Jina la filamu hakuna aliyelishika. Tuliiita Mujusi, basi.

Katikati ya kicheko kile nikaona mwanaume mmoja analia. Machozi kabisa, yanashuka mpaka kwenye kola. Ndiye Sévère. Alikuwa mkimbizi wa vita ya kwanza, mkulima wa Luvungi aliyegeuka mbebaji wa bandarini, na jioni alifundisha kwaya ya parokia. Nikamwelekezea mikro ili watu wacheke zaidi.

"Weye papa, usiogope! Ule mujusi ni wa plastiki!"

Akanijibu kwa sauti ya kufika barabarani. "Nani anaogopa mujusi? Minye niko nasikia wale bantu nyuma!"

"Bantu gani?"

"Wale wa muziki! Ni mia, weye! Bantu mia mu nyumba moja, na hakuna anayemukata mwenzake maneno! Nyamaza kidogo tuwasikie!"

Ukumbi ukapasuka upya. Mimi ninyamaze? Ningekula nini?

Toka siku ile, kila tulipoweka Mujusi, Sévère yupo. Na tuliiweka sana, maana askari walipokuja kupora ukumbi walibeba kasete zote isipokuwa ile. Ile waliitupa mlangoni. Hata wao hawakuitaka! Sévère alikuwa anageuza benchi, anawapa mgongo malkia na joka lake, anafumba macho. Watu wakimuuliza, anasema, "Macho yananiharibia masikio."

Kisha anaenda kuifundisha kwaya kile alichokisikia. Kwaya haikuwa na chombo hata kimoja. Basi violoni akawapa wamama wa sauti ya kwanza. Tarumbeta akawapa wanaume wa sauti ya tatu. Ngoma kubwa akaiweka vifuani mwa besi. Juu yake akaweka maneno yake mwenyewe, ya kumwombea marehemu. Mke wake, mama Concilie, aliniambia hivi: "Nyumbani alitutesa! Fufu inapoa, yeye iko napiga meza na vidole. Ananiambia, 'Concilie, weye ni violoni, imba.' Minye na mwiko mukononi, violoni!"

Lakini palikuwa na mahali pamoja. Malkia anapiga magoti mbele ya mtoto wake aliyelala chini hana uhai. Pale nilikuwa na hotuba yangu, niliyoipenda kuliko zote. "Ee mwanangu, amka! Mama amekuletea ndagala za kukaanga!" Ukumbi mzima ulikuwa unaisema pamoja nami, na miguu chini, pu pu pu. Sasa chini ya hotuba ile kulikuwa na muziki gani? Sévère hakujua. Hakuna siku aliyousikia. Alinifuata sokoni. Alinifuata kwa kinyozi, nusu ya kichwa imenyolewa.

"Libérat, ndugu yangu, siku moja tu funga kinywa pale. Pale ndipo penyewe."

"Mwalimu," namwambia, "pale ndipo panaponilisha."

Anaondoka akitikisa kichwa. Na kwa kuwa hakujua, hakubahatisha. Mwingine angetia kitu chake pale. Sévère aliwaambia wanakwaya, "Hapa hatujui. Hapa tunyamaze mpaka tutajua."

Ndicho kimya chenyewe, wasikilizaji wapendwa! Ndicho hicho munachotupia udongo. Maziko ya kwanza walipouimba wimbo, alizikwa kijana wa Mama Pudentienne, aliyeuawa barabarani. Kwaya ikanyamaza katikati. Watu wakadhani wameitwa kutupa udongo, wakatupa. Maziko yaliyofuata, vivyo hivyo. Ikawa desturi. Kwa sababu ya kinywa changu!

Kalundu haikujua wimbo umetoka wapi. Miezi mingi hatukupata mafuta ya jenereta, na katika miezi ile ndipo wimbo ulipoenea. Kisha mafuta yakapatikana, tukaiweka Mujusi Jumapili mchana, watu wametoka misa. Joka likatokea na kamba yake. Watu wanacheka. Na toka kwenye televizio zikaanza zile besi.

Kicheko kikakatika. Mwanamke mmoja akapiga ukelele. "Mama weee! Ni wimbo wa maiti!" Wanaume wakavua kofia mbele ya mujusi, kwa mazoea. Wengine wakasimama, wengine wakafanya ishara ya msalaba. Nywele zilinisimama, na mimi ndiye mtafsiri! Kisha ikaja hasira. "Ametuzikia batoto na muziki wa mujusi!" Mzee Ayoubu akazima mashine kabla hawajaivunja.

Kesho yake watu walijaa uwanja wa parokia. Walitaka Sévère atolewe kwenye kwaya na wimbo ufe. Hakuna aliyemtetea. Wote walikuwa wanamtazama Mama Pudentienne, kwa sababu mwanawe ndiye aliyekuwa wa kwanza. Sévère akasogea mbele yake, kofia mkononi.

"Mama, minye sikuchezea maiti ya mutoto wako. Nilitafuta kitu kikubwa cha kumupa, nikakosa. Ile ndiyo kubwa kuliko yote nimesha sikia."

Mama Pudentienne akatugeukia. Alisema tu, "Nionyesheni huyo mujusi."

Tukaenda naye, uwanja mzima nyuma yetu. Akakaa benchi la mbele. Akalitazama joka, bawa lake lililokwama, moshi wake. Hakuna aliyecheka, nawaapia. Besi zilipoanza, akainuka, akageuza benchi, akawapa mgongo malkia na joka lake, akafumba macho kama Sévère. Violoni zikapanda, zikapanda. Na kabla hatujafika kwa malkia na mtoto, mafuta yakaisha. Jenereta ikakohoa, ikafa. Sévère alishika kichwa kwa mikono yote miwili.

Mama Pudentienne akafungua macho. Akasema, "Wimbo ni wa mwanangu. Huyu mujusi aliuazima tu." Akajifunga kitenge chake vizuri, akaenda zake. Toka siku ile hakuna aliyethubutu kuusema vibaya wimbo ule.

Mzee Ayoubu akamhurumia Sévère. Akamwambia, "Mwalimu, usijali. Vita ikiisha nitakuwekea weye peke yako, na huyu Libérat nitamufunga kitambaa kinywani." Tulicheka wote. Vita ikiisha! Kila tulipokutana bandarini alinikumbusha, mfuko begani, meno nje: "Libérat, kitambaa kiko tayari?" Hata Jumatatu aliniuliza. Jumatatu hii, wasikilizaji wapendwa.

Tumemzika Alhamisi. Nusu ya kwaya imevuka mpaka kwenda Burundi, wengine wamepanda Rurambo, hatujui kama wako hai. Waliobaki walikuwa wachache, na mama Concilie alikuwa katikati yao. Mjane anaimba maziko ya mume wake! Sijawahi kuona. Kimya kikafika. Nikainama, nikachota udongo, mkono ukagoma kufunguka. Mzee Ayoubu ndiye aliyenishika kifundo, tukautupa pamoja.

Baadaye mama Concilie akaniita kando. Macho makavu.

"Libérat, yeye hatasikia tena. Enda weye usikilize pale kwa niaba yake. Kisha uniambie, nini kilikuwa chini ya makelele yako?"

Jana nikaenda. Sharifa, mke wa Mzee Ayoubu, akaitoa kasete sandukuni ilimofungwa na kitambaa. Tukawasha jenereta. Nikageuza kiti, nikaupa mgongo ule upuuzi, nikajiziba kinywa na kiganja, maana najijua. Besi. Violoni. Kumbe ni wengi vile! Miaka yote nimesimama pembeni yao ninapayuka, sikuwasikia. Wanapanda, wanapanda. Nikasema sasa, sasa ndipo penyewe.

Kimya.

Nikadhani kasete imekatika. Nikageuka. Malkia amepiga magoti, midomo imefunga, anamtazama mtoto. Hasemi kitu. Hakuwahi kusema kitu! Mimi nilikuwa ninamtafsiri mtu aliyenyamaza! Sharifa akauliza, "Imeharibika?" Tukairudisha nyuma. Tukasikiliza tena. Kimya. Bantu mia, wote wamenyamaza pamoja, hakuna hata mmoja aliyekosea. Kisha besi zikarudi, palepale ambapo Sévère alikuwa anazirudisha. Palepale! Sharifa alikaa sakafuni. "Subhanallah," akasema.

Nilikimbia mpaka kwa mama Concilie. Nikamkuta anachagua mchele. Nikamwambia, "Mama, chini yake hakuna kitu. Ni kimya. Ni kimya kilekile chake." Alinitazama. Sinia ikabaki magotini. Kisha akasema taratibu, "Kumbe alikuwa amesha sikia yote." Hapo ndipo machozi yalipomjia, na akawa anacheka ndani yake, anapiga paja, anamwita mumewe kwa jina.

Wasikilizaji wapendwa, kwa mama Concilie, kwa ukoo wote wa Kwizera pale Luvungi, kwa wanakwaya popote walipokimbilia, poleni. Poleni sana. Mungu amlaze Sévère mahali pasipo na risasi. Na sisi tuliobaki, tujiulize ni nani tuliyemkatiza maneno miaka yote hii, tukidhani kesho ipo.

Fundi mitambo wetu, Mapendo, ameshaiweka kasete ya Mujusi kwenye mashine. Leo tutausikia muziki wenyewe, wa wale bantu mia, toka mwanzo mpaka mwisho. Utakapofika katikati mutasikia kimya. Musiguse redio. Haijaharibika. Kila mmoja wetu ana mtu wake wa kumtupia udongo pale.

Mwalimu, kitambaa kiko tayari. Ninanyamaza.